Sasi ya Macho

Oktoba 6

Upepo wa kusini umekata leo asubuhi, ghafla, kama mtu aliyechoka kugomba. Tulipoamka bahari ilikuwa imelala, na Mama alikuwa tayari juu ya paa la kibanda cha mwisho, majani ya msago kwapani, akinipigia kelele.

"Shahada yako haizibi paa, Orpa! Panda huku!"

Nikapanda. Msimu wa wageni umeanza. Vibanda vyetu vitatu juu ya maji vina wageni wachache, watu wa kuzamia, wapole, wanaolala mapema na kushukuru hata kwa ndizi ya kukaanga. Hivyo ndivyo kijiji chetu cha Yenfaris kilivyo, na hivyo ndivyo ninavyokipenda.

Nilipokuwa Manokwari nikisomea mambo ya bahari, sikuwa naota nyumbani kwetu wala kanisani. Nilikuwa naota Warmon, ule mlango mwembamba wa maji nyuma ya kisiwa. Wanawake wa kanisa waliufunga kwa sasi, katazo la wazee wetu, Mama akiwa msichana: wakaomba, wakasimika mti wenye kuti la mnazi, na kuti hubadilishwa kila linapokauka. Ndoana isiingie, wavu usiingie, mkuki usiingie, mkono usiingie. Maneno hayo niliyajua kabla sijajua kusoma. Sasa Mama ndiye kiongozi wa wanawake hao, na mwenye kuti ni yeye.

Oktoba 10

Mvua. Mgeni mmoja ameumwa na kiroboto wa mbwa wetu na anadhani ni malaria.

Oktoba 15

Leo nimezama Warmon na Kaka Melki, mtoto wa mjomba. Yeye ndiye mwenye mashua na mashine ya kujazia mitungi ya hewa. Tulishuka wakati maji yamesimama, kati ya kujaa na kupwa.

Mwanzoni niliona mawe tu. Halafu mawe yakageuza macho.

Sakafu nzima ya mlango ilikuwa chewa. Wamelala ubavu kwa ubavu juu ya mchanga na matumbawe, wote wameelekea upande mkondo unakotokea, madoa yao ya kahawia yakiungana hata usiweze kusema huyu anaishia wapi na yule anaanzia wapi. Majike matumbo yamejaa mayai mpaka wanainama upande mmoja. Madume wana makovu mapya midomoni, wanasukumana, wanabadilika rangi ghafla kama aibu inavyopanda usoni. Na kimya. Kimya kizito, nikasikia damu yangu mwenyewe masikioni.

Chewa ni samaki wa kukaa peke yake. Kila mmoja na pango lake, hataki jirani. Nani anawaita? Kitabuni nimesoma: mwezi, mkondo, joto la maji. Ni kweli yote hayo, na pale chini hayakunisaidia kitu. Nilijiona kama mtu aliyefungua mlango bila kubisha akakuta taifa zima limekaa, linamsubiri mwingine, si yeye.

Tulipoibuka Kaka Melki alinitazama.

"Profesa, unalia?"

"Maji yameingia kwenye miwani."

"Yameingia yakitokea wapi?"

Nikamrushia pezi moja. Akacheka mpaka akameza maji.

Oktoba 19

Mwezi mpevu umepita na chewa wameondoka. Mchanga wa Warmon ni mtupu, umefagiliwa. Ningekuja leo kwa mara ya kwanza nisingeamini hadithi yangu mwenyewe.

Jioni Kaka Melki alikuja kula papeda kwetu, ule uji mzito wa sago. Akiwa anaizungusha kwenye vijiti akasema wageni wanapaswa kuoneshwa jambo lile. Nikamtazama Mama. Nilidhani atampiga kwa mwiko.

"Sasi inakataza kuchukua," Mama akasema taratibu. "Mgeni anachukua nini? Anatazama tu."

Na ukweli ni kwamba moyoni nilifurahi. Nilitaka mtu mwingine aone, anithibitishie kwamba sikuota.

Novemba 13

Nimemshusha Bwana Radek, daktari wa meno mstaafu kutoka Brno, kule wanakopika supu ya kabichi na hawana bahari. Chewa wamerudi, wengi kama mwezi uliopita. Bwana Radek alipiga magoti juu ya mchanga, kamera yake ikaning'inia mkononi, akaisahau kwa muda mrefu. Alipoikumbuka alipiga picha chache tu, bila mwanga, kwa heshima, kama mtu anayepiga picha mazishini.

Juu mashuani alinishika mkono akauweka kwenye paji lake la uso. Sijui kwao hiyo ina maana gani, lakini niliielewa.

Nilijivunia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Novemba 14

Kaka Melki amewashusha wengine wanne. Chewa wa upande wa mashariki walisogea kidogo, kisha wakarudi.

Novemba 30

Picha ya Bwana Radek imesambaa. Binamu yetu aliye Jakarta ameituma, mwalimu wangu wa Manokwari ameituma, hata mwenye duka la petroli mjini Waisai anayo kwenye simu. Ni picha nzuri mno. Bahari nzima ya macho inakutazama. Chini yake watu wa nchi ambazo sijawahi kuzisikia wanauliza swali moja tu: wapi?

Na mtu fulani amejibu.

Desemba 4

Mama amepokea maombi ya vibanda hadi Pasaka. Anaimba akifua mashuka. Sijamsikia akiimba hivyo tangu Baba alipofariki.

Desemba 9

Meli ya wazamiaji kutoka mji wa Sorong imetia nanga mbele ya kijiji. Jana ilikuwa moja. Leo ni tatu. Taa zao zinawaka usiku kucha na bibi wa jirani analalamika kwamba kuku wake hawajui tena kulala ni saa ngapi.

Desemba 14

Nikiacha leo sitaandika kamwe.

Nilishuka Warmon asubuhi na wageni wetu wawili. Mapovu niliyaona kabla ya kuona watu: nguzo za mapovu kila upande, kama chungu kinachochemka. Meli zote tatu zilikuwa zimeshusha watu wake kwa wakati mmoja. Walikuwa kila mahali, wamelala kwa matumbo juu ya mchanga, wengine wamejishika kwenye matumbawe ili mkondo usiwachukue, na kila mmoja ana kamera na kila kamera ina taa mbili. Asubuhi ile chini ya maji ilikuwa nyeupe kama chumba cha upasuaji.

Si watu wabaya. Lazima niliandike hili. Mwanamke mmoja alinionesha chewa kwa kidole, kisha akaweka mkono kifuani, macho yamemjaa nyuma ya miwani. Alihisi kile kile nilichohisi Oktoba. Kila mmoja wao alihisi hivyo hivyo, na kila mmoja alisogea hatua moja ili ahisi zaidi.

Chewa walikuwa wameanza kupauka. Walijibana katikati. Nikaona madume wameacha kugombana, wamegeuka, wanatutazama sisi badala ya majike. Nikawaashiria wageni wangu warudi nyuma. Halafu mtu mmoja, sijui nani, akawasha taa kubwa ya kuchukulia filamu.

Chewa waliinuka wote kwa pamoja. Kama zulia linalokung'utwa. Sakafu ya Warmon iliondoka chini yangu, ikapita mbele ya uso wangu, migongo, mikia, matumbo yaliyojaa mayai, ikamiminika kwenye ukingo na kushuka kilindini kule ambako mtu hafuati. Vumbi la mchanga lilipotua hapakuwa na kitu. Tulibaki sisi tu, kundi la watu wenye taa, tukimulikana.

Nilipoibuka nilisikia kwenye meli moja wanapiga makofi.

Desemba 17

Mwezi umejaa na umepita. Nimeshuka kila siku. Hawakurudi. Mayai yale yamekwenda wapi?

Nimemwambia Mama. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua.

"Samaki wana mapenzi yao," akasema. "Watarudi."

"Na wasiporudi?"

"Orpa, kuna watu wanne wanataka chai."

Desemba 24

Vijana wamejenga kibanda cha Krismasi ufukweni na spika zinapiga muziki tangu jana. Nimegombana na Kaka Melki mbele ya spika hizo, kwa hiyo tulipiga kelele hata pale ambapo hatukuwa tumekasirika bado.

"Wewe ndiye uliyewapeleka!"

"Na wewe ulikuwa umebeba mtungi gani? Wa gesi ya kupikia?"

"Mimi nilishusha watu watatu tu!"

"Ah! Yako ilikuwa ibada, yangu ndiyo biashara. Profesa, wewe umekwenda shule kwa pesa za samaki wa nani? Mimi wanangu watakwenda kwa samaki wa nani? Au wao wakae hapa wawe mandhari?"

Alikuwa amelishika jibu langu na kulikalia. Nilirudi nyumbani nikidhani namchukia, na sasa, nikiandika, naona kwamba sikumchukia. Nilimwogopa kwa sababu alisema kweli.

Januari 1

Ibada. Keki. Mvua. Meli mbili.

Januari 5

Leo baada ya ibada Mchungaji Obaja aliwaomba watu wabaki. Mama ndiye aliyeitisha kikao. Hakuniambia. Nilipomwona amesimama mbele, kitenge chake cha kanisani, mikono imekunjwa, nilifikiri anataka kutangaza harambee ya mabati.

"Nimeshuka Warmon jana," akasema.

Mama hajaingia majini tangu goti lake liharibike. Kumbe alimwomba mzee mmoja mwenye mashua ampeleke, akavaa miwani yangu, akaelea juu peke yake akitazama chini.

"Siku zao za Desemba zilipita bila wao kutaga, na mchanga ni mtupu. Kuti letu liko pale pale, limesimama. Hakuna aliyeingiza ndoana, hakuna aliyeingiza wavu. Tumeshika kila neno la sasi na samaki hawapo. Nataka kujua tumekosea wapi."

Kaka Melki akasimama. Alisema kwa adabu, si kama Krismasi. Sasi ni ya chakula, akasema. Wazee walifunga jongoo wa bahari, wakafunga konokono, wakafunga chewa, ili watu wasivimalize. Lakini tangu lini mtu akamaliza kitu kwa kukitazama? Nani amewahi kushiba kwa macho?

Wanaume wengi waliitikia kwa vichwa. Hata mimi, kwa mantiki tu, sikuona pa kumshika.

Hapo ndipo Mama Yakomina, muuza popoo, mwenye sauti ya kuita mashua kutoka kisiwa cha pili, alipoinuka nusu, bila kusimama.

"Melki, mwanangu. Mimi nikiwa naoga kisimani, wewe ukaja ukasimama ukanitazama. Umechukua nini?"

Kicheko kikapasuka. Mchungaji akainamisha kichwa kwenye Biblia, mabega yakimtikisika.

"Sijachukua kitu, Mama, na Mungu aniepushe!"

"Sabuni ipo? Ndoo ipo? Mimi mwenyewe nipo?"

"Upo, Mama. Upo wote."

"Basi kwa nini kesho siendi kuoga pale?"

Wakacheka tena, lakini kicheko kilikatika katikati, kama watu wamekanyaga kitu gizani. Mama Yakomina akatema popoo kwenye kopo lake.

Mama yangu, pale mbele, akasema: "Basi tufunge na macho."

Ndilo nililokuwa nikilitaka tangu Desemba na sikujua lina neno. Nikaanza kupanga kichwani: nitaweka rekodi, nitashuka mimi peke yangu kila mwezi, bila taa, nitawaletea habari. Mtu lazima ajue kama wanarudi. Ndiyo maana nilisoma.

"Sawa," akasema Kaka Melki. "Na Profesa je? Macho yake yana cheti?"

Wote wakanigeukia. Nikafungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari, mazuri, ya chuo. Kisha nikamwona Mama. Hakuwa ananikatalia. Alikuwa ananitazama kama mtu anayemwangalia mwenzake akivuka gogo jembamba, asiyethubutu hata kumwita. Na nikaelewa kwamba vibanda vyake vimejaa hadi Pasaka kwa ajili ya Warmon, na kwamba alipokuja kusimama pale mbele alikuwa ameshavimwaga vyote.

Nikasema, "Na yangu."

"Sauti, Orpa," akasema Mchungaji. "Huku nyuma hawasikii."

"Na yangu pia. Macho yote."

Januari 6

Nimelala mchana kutwa. Sitawaona tena. Nina umri wa miaka ishirini na nne na nimewaona mara chache sana.

Januari 12

Tumekwenda kwa mashua nne, moja akiiendesha Kaka Melki, wanawake wote na kinubi kidogo cha Mchungaji. Kuti jipya. Mama aliomba kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuulizia chumvi. Ndoana isiingie, wavu usiingie, mkuki usiingie, mkono usiingie. Akapumua.

"Na jicho lisiingie."

Amina ikapita juu ya maji. Chini yetu maji yalikuwa ya kijani, mazito. Nilitazama kuti. Shingo iliniuma kwa kutotazama chini.

Januari 14

Mwezi umejaa. Sijui kitu.

Januari 23

Wageni wa kibanda cha pili wameondoka kabla ya siku zao. Walikuja kwa ajili ya chewa, wakasema, si kwa ajili ya kuambiwa habari za chewa. Walikuwa na haki. Mama aliwafungia samaki wa kuchoma waende nao njiani.

Mashuka matatu kwenye kamba badala ya kumi na mawili. Mama haimbi. Lakini hajutii pia, nimemchunguza.

Kijijini wanaanza kusema. Kama samaki wamehama, tumefunga mlango wa nyumba tupu. Mama Yakomina ameulizwa sokoni kama bado anaoga. Mimi najilaza usiku na kuwaza jambo ambalo halikunijia kanisani: wasiporudi, hatutajua kamwe. Tutakuwa tunabadilisha kuti miaka na miaka juu ya mchanga.

Na kitu cha ajabu kinanitokea. Tangu nikatazwe, Warmon imekuwa kubwa. Oktoba niliweza kuiona yote kwa kugeuza kichwa. Sasa haina mwisho.

Februari 5

Sikukuu ya Injili kufika Papua. Kijiji kizima kilikuwa ufukweni kwa maandamano, kwa hiyo kijiji kizima kiliona.

Meli moja, kubwa kuliko zote, ilikuwa imezunguka nyuma ya kisiwa na kushusha mashua mbili zilizojaa wazamiaji. Tuliposogea kwenye miamba tukaona mashua nyingine imesimama kikingamo, imeziba mlango wa Warmon. Aliyekuwemo ni Kaka Melki, na shati lake jeupe la maandamano.

"Sogea, Kaka!" akapiga kelele kiongozi wao. "Tuna kibali cha kuzamia visiwa vyote hivi!"

"Kuna sasi!"

"Tunajua sasi! Hatuvui! Hatugusi kitu!"

"Hii ni ya macho!"

"Ya nini?"

"Ya macho, ndugu yangu! Ukitaka kupita, pita. Lakini wafumbe macho wote, na wewe ukiwa wa kwanza!"

Ufukwe ulicheka. Yule kiongozi naye, nikaona, alicheka bila kutaka. Wakabishana kidogo kwa sauti ambayo hatukuisikia, Kaka Melki akionesha kwa mkono mwamba wa nje, ule wenye samaki wengi wa mbono, na mwishowe mashua zikageuka. Yeye akabaki pale mpaka mawimbi yao yakatulia.

Nilimngoja gatini.

"Ulipinga," nikamwambia. "Mbele ya watu wote."

"Nilipinga. Na bado naona mmekosea."

"Sasa kwa nini?"

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Si niliitikia amina? Ulidhani napiga miayo?"

Akafunga kamba, akaingia kwenye maandamano kwenye nafasi yake, nyuma ya ngoma. Nimeishi naye tangu utotoni na leo ndiyo nimemwona.

Februari 9

Mvua imekatika. Wageni wawili, mke na mume, wanasoma vitabu barazani na hawajauliza kuhusu Warmon.

Februari 11

Jioni, jua bado liko juu ya mwamba wa nje. Nilikuwa nakung'uta mikeka kwenye daraja la mbao la vibanda. Maji chini yangu yalikuwa ya magotini, safi, nikiona kila konokono. Kivuli kikapita. Nikafikiri ni wingu.

Alikuwa papa. Wa kijivu, si mkubwa, amenyooka kama mtu mwenye miadi. Akapita kati ya nguzo za kibanda cha kwanza bila kugeuka. Nyuma yake mwingine. Kisha wawili, ubavu kwa ubavu. Nikainua macho na kuona mapezi mbali, yakikata maji kutoka upande wa kisiwa cha pili, na mengine kutoka nje, kwenye maji ya buluu, na yote, yote yalikuwa yanaelekea kona moja ya kisiwa, nyuma, kule ambako hatuendi.

Papa hawaendi mahali patupu. Nalijua hilo kutoka kitabuni na nalijua kwa mwili wote. Chewa wanapokaribia kutaga, papa husikia harufu yao kutoka mbali. Nilikaa kitako juu ya mikeka. Nikamwita Mama, nikaita tena.

Alikuja akichechemea na goti lake, mwiko mkononi. Kaka Melki alikuja kutoka kwenye mashine yake, mikono ya mafuta, akasimama upande wa pili wangu. Papa walipita chini ya miguu yetu bila kukoma, na maji hayakupata hata kiwimbi. Kule nyuma ya kisiwa taifa la chewa lilikuwa limeketi tena, wametuama mchangani, madume wanapauka na kuiva rangi, majike wameinama kwa uzito wa mayai, na hakuna binadamu hata mmoja aliyekuwa anawatazama. Niliwaza hayo na nywele zikanisimama. Mikono yangu ilikuwa imeshika ukingo wa daraja. Miwani yangu ya kuzamia ilikuwa imetundikwa msumarini, karibu, ningeweza kuifikia.

Yule mke alitoka kibandani na kitabu chake, akaona mapezi, akarudi nyuma hatua moja.

"Mungu wangu. Wanakwenda wapi wote hawa?"

Mama hakumgeukia.

"Kuna shughuli," akasema. "Sisi hatukualikwa."